Milimita Mbili za Bati

Chukua spuli mbili za filamu, moja ya 120 na nyingine ya 620, uziweke sambamba juu ya meza. Spuli ni kijiti chenye kisahani kila ncha, na juu yake husokotwa filamu pamoja na karatasi ya kuikinga na mwanga. Filamu inayokaa juu ya spuli hizo mbili ni ileile: upana wa karibu milimita 61, urefu wa sentimita 80 na ushei, picha nane za sentimita 6 kwa 9 au kumi na mbili za mraba. Kinachozitofautisha ni kijiti na visahani. Kijiti cha 620 ni chembamba zaidi, na visahani vyake vya bati vina kipenyo cha karibu milimita 23, ilhali vya 120 vina karibu 25. Kwa sababu ya milimita hizo mbili, mamilioni ya kamera zilizoundwa kwa ajili ya 620 zilibaki bila filamu Kodak ilipoacha kuitengeneza mwaka 1995. Kamera za 120, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, zinaendelea kupiga picha kwa filamu inayouzwa dukani leo.

Wapo watu katika nchi nyingi wanaozirudisha kazini kamera hizo zilizoachwa. Wengine huihamisha filamu ya 120 gizani na kuisokota kwenye spuli kongwe ya 620. Wengine hupunguza visahani kwa mkasi wa kucha na msasa, na wengine huchapa kwa printa ya 3D vipande vya plastiki vya kujazia nafasi iliyozidi. Kuna wanaoiona kazi hiyo kuwa mchezo wa watu wenye muda wa ziada. Kuna pia wanaoiona kuwa uharibifu, kwa hoja kwamba kamera ya mwaka 1935 iliyotiwa filamu ya leo si tena kamera ileile. Mimi nashikilia kinyume. Ukiifuatilia historia ya filamu tangu mwanzo utakuta kwamba kuilinganisha kamera na filamu iliyopo ni desturi kongwe mno katika fani hii, na kwamba miaka ambayo kamera ilifungiwa filamu yake peke yake ilikuwa michache na ya baadaye.

Anzia Rochester, katika jimbo la New York, mwaka 1888. Kodak ya kwanza ya George Eastman iliuzwa ikiwa na filamu ya picha 100, na zikiisha mwenye kamera aliirudisha nzima kiwandani ili filamu isafishwe na kamera ijazwe upya. Filamu ile ilikuwa na upana wa karibu milimita 70. Miaka michache baadaye W.K.L. Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko New Jersey, alihitaji utepe mrefu wa filamu kwa ajili ya mashine ya picha zinazotembea. Alitumia kilichokuwapo. Filamu ya Eastman ya milimita 70 ilipasuliwa katikati kwa urefu wake, zikapatikana tepe mbili za milimita 35, kisha utepe ukatobolewa matundu pembeni, manne kwa kila picha. Kipimo cha sinema ya dunia nzima kilitokana na filamu ya kamera ya mkononi iliyopasuliwa vipande viwili. Kisha mambo yakarudi yalikotoka. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliichukua filamu hiyo ya sinema, akaipitisha kwa ubavu ndani ya kamera ndogo, na nafasi ya picha mbili za sinema akaifanya moja ya milimita 24 kwa 36. Leica ikaingia sokoni mwaka 1925. Mwenye Leica wa miaka hiyo ya mwanzo alikata kipande cha filamu ya sinema gizani na kukijaza mwenyewe kwenye kaseti ya chuma. Kamera iliyokuja kuwa mfano wa kamera ndogo zote ilianza maisha yake kwa filamu ya kuazima.

Mwaka 1934 Kodak ikaleta kaseti ya kutupa iliyokwisha kujazwa filamu ya milimita 35, ya kutiwa kwenye kamera mchana kweupe. Iliiita 135. Ilitoka pamoja na kamera ya Retina, iliyotengenezwa Stuttgart kwenye kiwanda kilichoanzishwa na August Nagel. Lakini kaseti hiyo haikufungiwa Retina peke yake. Ilipimwa iingie pia kwenye Leica na kwenye Contax, kamera za washindani. Uamuzi huo mmoja, kwa maoni yangu, ndio uliookoa mamilioni ya kamera. Kila kiwanda kilichokuja baadaye, Ujerumani, Japani, Urusi ya Kisovieti, kilikuta filamu tayari inauzwa kila mahali, kikaunda kamera ya kuipokea. Hadi leo Leica ya miaka ya 1930 hutiwa kaseti iliyonunuliwa wiki iliyopita, na marekebisho pekee yanayohitajika ni kuukata ulimi wa filamu uwe mrefu zaidi kidogo, kazi ya mkasi na dakika moja.

Kabla ya hapo, wenye kamera za bamba za kioo walikwisha kupita njia hiyohiyo. Bamba lilikuwa zito, lilivunjika, na lilibeba picha moja tu. Filamu ya kusokota ilipoenea, viwanda vya Ujerumani vilitengeneza migongo ya kupachika: unachomoa kishikizo cha bamba, unatelezesha mahali pake kisanduku chembamba chenye spuli mbili, na kamera iliyoundwa kwa ajili ya kioo inapiga kwa filamu ya 120. Mfano wa wazi kuliko wote ni wa Rolleiflex. Franke & Heidecke wa Braunschweig walipoitoa mwaka 1929, kamera hiyo ya lenzi mbili ilitumia filamu ya 117, iliyotoa picha sita tu za mraba. Filamu ya 120 ilitoa kumi na mbili na ilipatikana kila duka. Matoleo yaliyofuata yakahamia 120, na kamera nyingi za toleo la kwanza zikabadilishwa ndani ili nazo ziipokee. Anayesema kwamba kurekebisha kamera ni kuivunjia heshima ana kazi ya kueleza kwa nini Rolleiflex za kwanza zilianza kurekebishwa zingali mpya.

Hiyo 120 yenyewe ilizaliwa mwaka 1901 kwa ajili ya Brownie Namba 2, sanduku la kadibodi lililouzwa dola 2. Namba yake si kipimo cha kitu chochote. Kodak ilipoona aina za filamu zake zimekuwa nyingi, ilizipa namba za mfululizo kuanzia 101, na hii ikaangukia 120. Kilichoipa maisha marefu ni karatasi yake ya mgongoni. Wazo la kuchapa namba za picha kwenye karatasi hiyo na kuzisomea kwenye kidirisha chekundu nyuma ya kamera lilikuwa la Samuel Turner wa Boston, aliyelitumia kwenye kamera yake ya Bull's-Eye mwaka 1892. Eastman akainunua kampuni yake mwaka 1895. Kwa kuwa kamera haikuhitaji mtambo wa kuhesabu, mtu yeyote mwenye karakana aliweza kuunda kamera ya 120, na kwa kuwa karatasi ilikuja kubeba mistari mitatu ya namba, filamu moja ilitosha kamera za picha ndefu, za mraba na za nusu. Hasselblad ya Sweden iliitumia, Yashica ya Japani iliitumia, Lubitel ya Urusi na Seagull ya Shanghai pia. Hata kwetu pwani na bara, studio zilizotegemea kamera za lenzi mbili kwa picha za familia na za pasipoti zilifanya kazi kwa filamu hiyo. Kamera ya aina hiyo ikitolewa leo kwenye stoo ya studio iliyofungwa, shata ikiwa nzima na lenzi haina ukungu, hutiwa filamu ikapiga.

Ndipo tunarudi kwenye milimita mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, miaka michache tu kabla ya kaseti iliyowakaribisha washindani, Kodak ileile iliichukua filamu ya 120, ikaisokota kwenye spuli nyembamba na kuiita 620. Ikafanya vivyo hivyo kwa filamu pana ya 116, ikawa 616. Anayeitetea atasema spuli nyembamba iliruhusu kamera nyembamba, na kwa kamera za kukunja zinazoingia mfuko wa koti hoja hiyo ina ukweli. Ila haielezi kwa nini masanduku ya Brownie, ambayo hayakukusudiwa kuingia mfukoni kamwe, nayo yalifungiwa 620. Ushahidi uko ndani ya kamera yenyewe. Fungua Brownie Hawkeye Flash, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1950, na mara nyingi utakuta chumba cha spuli ya kutolea filamu kina nafasi ya kuipokea spuli nzima ya 120 bila kukwaruza kitu. Ni upande wa kupokelea tu unaohitaji spuli ya 620, kwa sababu ya ufunguo wa kuzungushia. Wembamba ulikuwa sababu kwa baadhi ya kamera, na kwa zilizobaki tokeo lilikuwa kwamba mwenye kamera ya Kodak alirudi kwenye sanduku la njano kununua filamu. Kodak haikuacha kutengeneza 120 hata siku moja, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba 620 ilikuwa filamu bora iliyokuja kuchukua nafasi ya mbovu.

Hali hiyo ikakua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1963 ilikuja Instamatic na katriji ya 126, ambayo ndani yake mlikuwa na filamu ya milimita 35 yenye tundu moja kwa kila picha badala ya manane. Kufikia mwaka 1970 kamera zaidi ya milioni 50 za jina hilo zilikuwa zimetengenezwa. Ikafuata 110 mwaka 1972, kisha kamera ya diski mwaka 1982, ambayo negativu zake ndogo mno hazikuweza kukuzwa bila picha kujaa chembechembe, na mwisho katriji ya APS mwaka 1996. Siwezi kuzibeza. Zilimwezesha mtoto wa miaka kumi kuweka filamu bila kukosea, na hilo si jambo dogo. Lakini kadiri katriji ilivyofanya kazi zaidi kwa niaba ya mpigaji, ndivyo kamera ilivyozidi kuwa mateka wa katriji. Tuna mfano wa mwisho kabisa wa hali hiyo katika Polaroid ya SX-70 ya mwaka 1972: pakiti yake inabeba filamu, dawa na hata betri ya kuendeshea kamera, kwa hiyo hakuna filamu ya spuli au kaseti inayoweza kuwekwa badala yake. Polaroid ilipotangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu, njia ya kuziokoa kamera hizo ilikuwa kuinunua mitambo ya kiwanda. Kundi la watu lilichukua mitambo ya mwisho huko Enschede, Uholanzi, likabuni dawa upya, na kutoa filamu mwaka 2010. Hicho ndicho kipimo cha gharama ya kufungiwa: kwa 620 unahitaji giza na vidole, kwa SX-70 ulihitajika mtambo mzima.

Vidole hivyo vinafanya nini hasa gizani? Mtu huchukua filamu mpya ya 120 na spuli mbili tupu za 620, akaingia kwenye chumba cha giza au kutia mikono ndani ya mfuko mweusi wa kubadilishia filamu. Kwanza huikunjua filamu kutoka spuli yake na kuisokota kwenye spuli ya kwanza ya 620. Sasa iko kinyume, mwisho wake umekuwa nje, hivyo lazima isokotwe tena kwenye spuli ya pili ili ikae kama ilivyotoka kiwandani. Filamu imebandikwa kwenye karatasi kwa utepe upande mmoja tu, na kwa kuwa kijiti kipya ni chembamba, karatasi na filamu haziendi tena sawasawa. Filamu hufanya tumbo karibu na utepe. Mkono uliozoea huusikia ule mbenuko, hubandua utepe kwa upole, hulaza filamu na kubandika tena mahali papya. Ukiiacha, picha ya kwanza itapigwa kwenye filamu iliyokunjamana. Ndiyo sababu spuli tupu za 620, ambazo zamani maduka ya kusafisha picha yalizitupa kwa mamia, leo zinauzwa kwa bei, na wenye kamera husisitiza kwa anayewasafishia filamu kwamba spuli irudi. Kwa filamu pana ya 116 njia ni nyingine: vipande vya plastiki huongezwa kila ncha ya spuli ya 120 ili ikae katikati ya chumba kilichotengenezewa filamu ya milimita 70. Namba za kwenye karatasi hazilingani tena na urefu wa picha, kwa hiyo mpigaji huhesabu mizunguko ya ufunguo, na hupata picha sita au saba. Kwenye kamera za kadi ya posta zilizotumia 122, filamu hiyohiyo hufunika ukanda wa katikati tu, na picha hutoka ndefu na nyembamba kuliko mbunifu wa kamera alivyowahi kuwaza.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, na linastahili kujibiwa kwa makini. Filamu ya leo siyo ya mwaka 1910. Filamu za zamani hazikuiona rangi nyekundu kabisa, ndiyo maana kidirisha cha nyuma kilikuwa chekundu: mwanga mwekundu ulipita bila kudhuru. Zilitoa anga jeupe na midomo myeusi. Filamu ya leo huona rangi zote, tena ina kasi kubwa mara nyingi zaidi. Ukiitia filamu ya ISO 400 kwenye sanduku ambalo shata yake hufunguka kwa takribani sehemu ya hamsini ya sekunde, jua la mchana litaiunguza, na kidirisha chekundu kitaacha doa. Kwa hiyo, husemwa, unachokipata si picha ya kamera ile. Jibu la kiufundi ni jepesi: chagua filamu ya ISO 100, funika kidirisha kwa selotepu nyeusi na kukifunua kivulini tu wakati wa kusogeza. Jibu la kihistoria ndilo lenye uzito. Kodak iliuza Verichrome mwaka 1931, isiyoona nyekundu, na Verichrome Pan mwaka 1956, iliyoiona, na zote mbili zilitiwa kwenye masanduku yaleyale ya Brownie. Mama aliyepiga picha za wanawe kwa kamera moja kuanzia kabla ya vita hadi baada yake alikwisha kubadilishiwa filamu bila kuulizwa, na hakuna aliyemwambia kwamba kamera yake imekuwa kamera nyingine. Kipimo cha spuli ndicho kilichobaki imara. Dawa iliyopakwa juu ya filamu ilibadilika mara kwa mara.

Kuhusu uharibifu, nakubali nusu ya lawama. Kuna marekebisho yanayorudishika na yasiyorudishika, na tofauti yake ni kubwa. Filamu iliyohamishwa spuli haiachi alama yoyote kwenye kamera, na kipande cha plastiki huchomolewa kilivyoingizwa. Anayechukua patasi na kuchonga ukuta wa ndani wa Kodak Medalist, kamera ya 620, ili spuli ya 120 iingie ameondoa chuma ambacho hakitarudi, na kamera zilizobaki za aina hiyo haziongezeki. Hata hivyo hapa pia nasita kuhukumu kwa jumla. Kamera adimu iliyo katika hali yake ya asili ibaki hivyo. Ya pili, yenye mikwaruzo na mvukuto uliokwisha kuzibwa viraka, ina haki ya kufanya kazi kuliko kukaa kabatini ikisubiri filamu ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Na kuhusu anayeuliza kwa nini tujisumbue ilhali simu iko mfukoni: simu haijawahi kudai kuchukua nafasi ya negativu ya sentimita 6 kwa 9, ambayo ina eneo zaidi ya mara tano ya picha ya milimita 35 na hushikwa mkononi na kuonekana dhidi ya mwanga bila programu yoyote.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Marekebisho yote haya yanasimama juu ya filamu moja, na filamu hiyo inatoka kwenye viwanda vichache: Eastman Kodak kule Rochester, Harman ya Mobberley, Uingereza, inayotengeneza Ilford, Foma ya Hradec Králové huko Cheki, na wengine wachache. Karatasi ya mgongoni peke yake ni bidhaa ngumu. Mwaka 2016 Kodak ililazimika kukiri kwamba namba za karatasi zilikuwa zikijichapa kwenye picha za baadhi ya filamu zake za 120, na ikabadilisha karatasi. Wenye kamera za kidirisha walilalamika kwamba namba mpya zimefifia mno kusomeka kupitia kioo chekundu. Kwa mwenye Hasselblad jambo hilo halina maana, kwa sababu kamera yake inahesabu yenyewe. Kwa mwenye sanduku la mwaka 1925, au la 620 lililosokotewa filamu mpya, namba hizo ndizo njia pekee ya kujua filamu imefika wapi. Viwanda vikiwauliza wateja wao wa leo nini kiboreshwe, wengi watataja rangi, kasi na bei. Wenye kamera kongwe wanapaswa kupaza sauti kuhusu wino: mistari mitatu ya namba ibaki, na ya picha ndefu za 6 kwa 9, inayotumiwa na masanduku na kamera za kukunja, ichapwe kwa weusi unaosomeka.